Mkono wa Casimira Armijo

Gari jeupe la kukodi lilipoacha lami na kuingia njia ya changarawe, Casimira Armijo alikuwa kibarazani anamenya pilipili. Alikuwa na gunia zima la pilipili za kijani, zimechomwa asubuhi ile mpaka ngozi zikawa nyeusi na kujikunja, na mtu anayemenya pilipili hana mkono wa kumpa mgeni. Kwa hiyo hakuinuka. Alilitazama gari likija na vumbi lake nyuma, likapita sanduku la barua, likasimama katikati ya jua kali hatua chache kutoka getini.

"Si wa huku," alimwambia mbwa wake, Sargento. "Wa huku angeegesha kivulini."

Aliyeshuka alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, viatu vipya, begi la kompyuta limebanwa kwapani kama mtoto anayeogopewa kuibwa. Akasimama nje ya geti, akamtazama mbwa, akamtazama mwenye mbwa.

"Bi Armijo?"

"Inategemea. Kama unauza paneli za jua, Bi Armijo alishahamia Arizona."

"Siuzi kitu."

"Wote husema hivyo mwanzoni."

"Naitwa Brenna Halvorsen. Nimetoka Denver." Msichana alimeza mate. "Nafanya kazi Larkspur."

Vidole vya Casimira vikasimama juu ya pilipili. Kwa miezi saba alikuwa ameliandika jina hilo katika taarifa zake zaidi ya mara arobaini, na hata siku moja hakufikiri kwamba litakuja kwake kwa miguu, limevaa viatu vipya.

"Basi mmefika," alisema. "Nilidhani mtamtuma wakili."

"Walitaka kumtuma. Nikaomba nije mimi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nilisoma taarifa zako zote. Nikaona mtu anayeandika 'mawingu, sikuona kitu, nimekula na kulala' si mtu wa kutumiwa wakili."

Casimira hakucheka, lakini alisogeza kiti cha pili kwa mguu. "Ingia. Funga geti nyuma yako. Na usijiguse macho, hapa hata hewa ni pilipili."

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya kaunta ya posta ya mji mdogo wa Magdalena, akigonga mihuri. Mingine ishirini na miwili, baadhi yake ikiwa ndani ya ile ya posta, aliitumia uani kwake akitazama juu. Vifaa vyake vilikuwa vitatu: darubini ya macho mawili iliyofungwa kwenye kigingi cha uzio, redio ndogo inayosoma saa ya taifa sekunde kwa sekunde, na saa ya kupimia mbio, ile wanayoning'iniza shingoni walimu wa michezo. Setilaiti inapokatiza kati ya nyota mbili unazozijua, unabonyeza. Redio inapolia mwanzo wa dakika, unabonyeza tena. Ukishajua ilipita wapi na ilipita lini, ukazipata namba hizo jioni tatu au nne, unaweza kusema itapita wapi wiki ijayo.

Walikuwepo watu kama arobaini duniani waliofanya kazi hiyo bila kulipwa: mchinjaji wa kule Manitoba, mtawa mmoja Ureno, fundi bomba, mwalimu wa hisabati. Walijiita Watazamaji tu. Zamani waliandikiana kwa karatasi na stempu, ndivyo Casimira alivyowajua, kupitia barua zao kaunta kwake. Siku hizi walitumia barua pepe. Wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Ukigundua umekosea, unaandika neno KOSA kwa herufi kubwa juu kabisa ya taarifa yako inayofuata, unataja kosa, unaweka jina lako. Kosa kwanza, ulichokiona baadaye. Na unaliandika wewe mwenyewe kabla mwingine hajaliandika. Wakubwa wenye rada zao, ambao hawamjui mchinjaji wala mtawa, walizichukua namba za Watazamaji kwa sababu hiyo peke yake.

Mwezi wa pili mwaka huo, setilaiti ya kampuni ya Larkspur, ile ya kumi na saba, ilinyamaza. Kampuni ikatangaza kwamba imelala salama, nzima, haina jeraha. Jioni tatu baadaye Casimira aliiona ikipita, tulivu kama taa ya barabarani. Kisha, alipokuwa anakunja kiti chake, kikapita kitu kingine kwenye njia ileile. Kilikuwa kidogo, na kilikuwa kinakonyeza. Mwanga, giza, mwanga, giza, kila sekunde nne, kama bati linalobingirika kwenye upepo.

Akakiita Mkonyezaji, na Watazamaji waliamini ni kipande kilichomeguka betri ya setilaiti ilipopasuka. Watazamaji wengine watatu walikiona baada yake. Lakini kati ya mara hamsini na tatu kilizoonekana, arobaini na moja zilikuwa za Casimira, kwa sababu anga la Magdalena ni kavu na kwa sababu yeye hakukosa jioni. Ukiziondoa za kwake, Mkonyezaji hakuwa na ushahidi wa kutosha kuingizwa kwenye orodha ya takataka za angani. Na kitu kisipoingia kwenye orodha, hakuna mwenye setilaiti anayeonywa kukikwepa.

Alhamisi ya wiki ile, huko Washington, kulikuwa na kikao. Larkspur walikuwa wanaomba kibali cha kurusha nyingine sitini za aina ileile. Taarifa za Casimira zilikuwa mezani.

"Nataka kukuonyesha kitu," Brenna alisema. Walikuwa wamehamia jikoni. Casimira alikuwa amemwekea bakuli la maharage na tortilla, chapati nyembamba za huko, maana hata adui hashindi na njaa nyumbani kwake. Msichana alifungua kompyuta. "Hii ni setilaiti yetu wenyewe, ile ya kumi na saba. Kabla haijanyamaza ilikuwa inatuambia ilipo, mpaka kwa mita. Nimelinganisha na saa ulizoziandika wewe."

Ilikuwa grafu. Nukta nyingi, na mstari katikati. Miaka iliyopita nukta zilikuwa zimeukumbatia mstari. Halafu, kuanzia mwaka juzi, zilianza kupanda polepole, kama moshi usio na haraka.

"Umechelewa," Brenna alisema kwa sauti ya chini. "Kila mara. Zaidi ya theluthi ya sekunde."

"Mimi?"

"Mkono wako, Bi Armijo."

Sargento alijikuna, akaacha.

"Kampuni watasema nini Alhamisi?" Casimira aliuliza.

"Kwamba aliyeona ni bibi mwenye mkono mzito. Watasema hivyo kwa maneno mazuri zaidi." Uso ulimwiva. "Wamenituma nikupe nafasi ya kuziondoa taarifa mwenyewe, kimyakimya. Na wako tayari kuipa maktaba ya Magdalena darubini kubwa yenye kamera. Ya kweli. Watoto wataitumia."

"Darubini."

"Ndiyo."

"Yenye kamera."

"Ndiyo, Bi Armijo."

"Ili watoto wa Magdalena watazame juu, waone kila kitu isipokuwa kile kimoja." Casimira alichukua bakuli lililokuwa tupu, akalitia kwenye sinki. "Binti, mkono mzito unachelewesha taa. Hauwashi taa. Ningekuwa nimechelewa hata sekunde kumi, bado kuna kitu kilichopita. Nani anayenikonyeza huko juu, malaika?"

"Kwenye data za rada tulizonunua kuna alama ya pili. Mkuu wangu anasema ni kelele za mitambo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nina mwaka mmoja kazini."

"Sikukuuliza una muda gani."

Brenna aliitazama grafu yake. "Mara ya mwisho mkono wako ulipimwa lini?" aliuliza. "Katika taarifa za zamani unaandika kila Septemba. Halafu huandiki tena."

Hilo lilimpata. Kila Septemba rafiki yake Wendell Apachito, fundi rada mstaafu, alikuja kutoka Alamo na mkebe wake wa kahawa kumpima. Mwaka juzi Wendell alikuwa hospitali Albuquerque, amepasuliwa moyo. Mwaka jana alipiga simu kusema anakuja, na Casimira akamwambia ana kazi nyingi ya kuweka aprikoti kwenye chupa. Wendell hakubisha. Wote wawili walijua kwamba mwaka ule baridi ya Aprili iliua maua yote na bonde zima halikupata aprikoti hata moja.

Kikombe kilikuwa kimeanza kumtoka mkononi siku zile. Hakutaka kujua.

"Kesho," alisema. "Mkonyezaji anapita saa moja na dakika hamsini na tatu jioni. Njoo saa kumi na moja. Utanipima mkono hapahapa, wewe na Wendell, halafu utatoka nje utazame kwa macho yako. Na nakuahidi hili: namba itakayotoka, iwe yoyote, nitaiandika kwa Watazamaji kesho hiyohiyo kabla sijalala, kwa jina langu. Hamtapata nafasi ya kunitangaza ninyi."

"Mimi siwezi kukuahidi kitu chochote."

"Nani kakuomba?"

Kesho yake Wendell alifika kwanza, na lori lake la zamani lenye mlango wa rangi nyingine. Alikuwa mrefu, mpole, na kifua chake kilikuwa na mshono ambao alipenda kuwaonyesha watu wasiotaka kuuona.

"Bibi Posta," alisema, akiweka mkebe wa kahawa mezani. "Aprikoti zimeisha?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Nilidhani labda nitapata chupa moja."

Mkebe ulikuwa na taa ndogo ndani na tundu mbele, na waya uliokwenda kwenye redio ya saa. Taa huwaka wakati usiotarajiwa, anayepimwa hubonyeza, na mtambo huandika tofauti. Mara ishirini. Hairuhusiwi kutupa hata moja, iwe nzuri iwe mbaya. Namba ya Casimira ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta nyuma ya saa yake ya kupimia: 21. Yaani sehemu ishirini na moja za mia za sekunde, ambazo huziondoa katika kila saa anayoandika. Plasta ile ilikuwa na miaka mitatu, imekuwa ya kahawia kwa jasho la kiganja.

Brenna alikaa pembeni, mikono magotini, kama mtu kanisani kwa watu wengine.

Taa ikawaka. Casimira akabonyeza. Ikawaka. Akabonyeza. Kwenye ya sita alijua. Unajua, kama unavyojua ngazi umekosea kabla mguu haujagusa chini. Aliona mwanga, akili ikasema sasa, na kidole kikabaki palepale muda mfupi kikifikiria mambo yake. Alikikazia meno. Kikachelewa vilevile.

Baada ya ishirini Wendell alijumlisha kwa penseli. Akarudia. Hakusema utani wowote, na hapo ndipo Casimira alipoogopa.

"Hamsini na nane," Wendell alisema.

"Rudia hesabu."

"Nimerudia." Aliikwaruza meza kwa ukucha. "Naweza kusema betri ya taa ilikuwa dhaifu."

"Ilikuwa dhaifu?"

"Nimeiweka mpya leo asubuhi."

"Basi usiseme."

Casimira alivuta daftari na kuanza hesabu yake mwenyewe. Kutoka ishirini na moja mpaka hamsini na nane. Kitu kinachokwenda kilomita saba na nusu kila sekunde, ukichelewa kiasi hicho, umekiweka karibu kilomita tatu nyuma ya pale kilipo. Hiyo haikuwa namba tupu kwake. Tarehe tisa Oktoba Mkonyezaji angekatiza njia ya setilaiti inayolinda misitu dhidi ya moto. Mwaka juzi moto ulipoanza upande wa pili wa mlima, setilaiti hiyo iliuona kabla ya binadamu yeyote, na ndiyo sababu kaka yake Fidel aliondoka na ng'ombe wake wote na mke wake, akaacha nyumba tu iungue. Casimira alikuwa amesimama mbele ya zimamoto wa wilaya, akachora ubaoni, akasema Mkonyezaji ataipita setilaiti ile chini ya kilomita moja. Walimwamini. Redio ya Socorro ilimhoji. Watu dukani walimsimamisha.

Sasa hesabu ilisema karibu kilomita nne.

"Bado si mbali," Wendell alisema, akisoma juu ya bega lake.

"Niliwaambia moja. Niliwaambia kwa chaki."

"Bado ni kitu kinachobingirika bila dereva."

"Najua ni nini, Wendell. Nilikiona mimi." Alifunga daftari. "Watanicheka hadi Quemado."

"Quemado watu ni wachache. Watamaliza haraka."

Saa moja unusu walitoka nje. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya San Mateo, na anga lilikuwa na ile rangi ya shaba inayokuja baada ya siku kavu. Nyota ya Vega ilitokea kwanza. Wendell akawasha redio, na sauti ya mtu asiyechoka ikaanza kuhesabu. Casimira alimweka msichana kwenye darubini, akamshika mabega, akamgeuza kidogo.

"Ile kubwa, Vega. Shuka kulia, kuna mbili ndogo zilizosimama kama miguu ya kiti. Unaziona?"

"Naziona."

"Taa mbili zitapita katikati ya hizo. Ya kwanza ni yenu ya kumi na saba. Iache ipite. Usiifuate kwa macho, itakuvuta, kila mgeni hufanya kosa hilo. Baki palepale kwenye kiti. Hesabu mpaka mia na kumi." Alivua saa shingoni, akamvalisha. "Bonyeza wewe."

"Mimi?"

"Kidole changu umekiona leo."

Setilaiti ya kumi na saba ikaja kwa wakati wake, nyeupe, imetulia. Brenna alivuta pumzi lakini macho hayakusogea. Wendell alikuwa anahesabu chinichini kwa Kinavaho, lugha ya kwao, kama afanyavyo siku zote, anasema namba za Kiingereza humharakisha. Sargento alilala. Tisini. Mia. Mia na tano.

Halafu kikaja. Kilikuwa hafifu kuliko Casimira alivyozoea, au macho nayo yalikuwa yameanza mambo ya mkono. Mwanga. Giza. Mwanga. Alisikia kitufe kikibonyezwa.

Brenna hakuondoa uso kwenye darubini mpaka redio ilipolia mwanzo wa dakika, akabonyeza tena, na hata baada ya hapo alibaki ameinama.

"Kinakonyeza," alisema.

"Kila sekunde nne," alisema Casimira.

"Niliambiwa ni kelele." Alijifuta jicho. "Nimejishika macho. Ni pilipili."

"Bila shaka," alisema Wendell.

Waliporudi jikoni Brenna hakukaa. Alizunguka meza, akarudi, na alipoanza kusema hakuwa tena na sauti ya kampuni.

"Usiitume hiyo namba, mama. Nakuomba. Nilikuja hapa kukufanya uone aibu, na sasa nakuambia usiitume. Unajua watakachofanya? Hawatasoma kitu kingine. Watasoma 'KOSA, Casimira Armijo', watakaa chini, na kikao kitaendelea. Subiri mpaka Ijumaa. Siku mbili tu. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Sitasema. Ahadi ile ulinipa mimi, sivyo? Basi nakuachilia. Imekwisha."

Casimira alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta yake, ile kubwa ya zamani aliyoachiwa na posta. Alikuwa amechoka. Kwa muda mrefu kiasi alilitazama lile pendekezo, kwa sababu lilikuwa zuri, lilitolewa kwa moyo safi, na siku mbili ni kitu kidogo sana kwa mtu mwenye miaka sitini na tisa. Aliwaza kikao. Aliwaza zimamoto na ubao wao. Aliwaza setilaiti sitini, na kila moja na betri ileile ndani yake.

"Nilikuwa na miaka miwili ya kusubiri Ijumaa," alisema mwishowe. "Nilimdanganya huyu mzee kuhusu aprikoti. Unaona ilivyonifikisha?"

"Lakini una haki. Kitu kipo."

"Kipo. Na kitakuwepo hata wakisoma kosa langu kwa kipaza sauti. Nitakuwa nimeketi hapa kesho jioni, na kesho kutwa, nitaandika tena na tena, na namba sahihi safari hii, mpaka wachoke wao. Waje na mawakili. Viti vipo. Lakini siwezi kuwaambia wasifiche hata kidogo kama mimi nimeficha kidogo." Aligeuka. "Mtawa wa Ureno mwaka mmoja aliandika KOSA kwa sababu alisinzia akaota setilaiti. Aliota, binti. Angeweza kunyamaza mpaka Siku ya Kiyama."

"Basi anza na tulichokiona leo. Kosa liweke chini."

"Kosa huwa juu."

"Mama."

"Huwa juu, Brenna."

Akaanza kuandika, kidole kimoja kimoja. KOSA. Mkono wangu umechelewa kwa sehemu hamsini na nane za mia, si ishirini na moja. Sikuupima kwa miaka mitatu, na sababu ni woga. Taarifa zangu zote za muda huo zirekebishwe. Nilichowaambia watu wa wilaya yangu kuhusu tarehe tisa Oktoba si kilomita moja, ni karibu nne, na nitakwenda kuwaambia mwenyewe. Casimira Armijo, Magdalena.

Akasimama kutafuta miwani yake. Aligeuka. Brenna alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtihani, mbele ya mkebe wa kahawa, na saa ya kupimia mkononi.

"Unafanya nini?" aliuliza Wendell.

"Nilikiona. Nina saa yake. Lakini huwezi kutuma saa ya mkono usiopimwa, si ndivyo?"

"Ukituma jina lako, Jumatatu huna kazi."

"Nipime kwanza. Nitaogopa baadaye."

Wendell alimtazama Casimira. Casimira aliinua mabega. Taa ikaanza kuwaka ndani ya mkebe, na kitufe kikaanza kujibu haraka na kwa usawa, ishirini, bila kutupa hata moja.

Casimira alikwenda kwenye droo, akakata plasta mpya. Msichana alipomaliza, Casimira aliichukua saa, akaibandua ile plasta ya kahawia. Iliacha gundi, akaikwangua kwa ukucha. Akabandika mpya na kuandika 58, namba kubwa zinazosomeka, akaining'iniza saa kwenye msumari wake mlangoni tayari kwa kesho.

"Ya kwangu kumi na tisa," alisema Brenna.

"Hongera. Utazeeka." Casimira alirudi kwenye kiti. Chini ya kosa lake akaongeza mstari mmoja: Mkonyezaji, saa moja na dakika hamsini na tatu na sekunde arobaini na mbili nukta tatu jioni, ameonwa na Brenna Halvorsen, mkono umepimwa. Akamgeuzia kioo asome. Brenna alisoma yote, kuanzia neno la juu, midomo ikitembea. Alichelewa kidogo kwenye jina lake. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Saa ya redio ilikuwa inakaribia saa tatu. Casimira aliweka kidole kwenye kitufe, pilipili ya jana bado ikimwasha chini ya ukucha, akasubiri kitulie. Hakikutulia. Akabonyeza hivyohivyo, na barua ikaenda kwa watu arobaini.